Timu ya Jina Moja

Kijiwe chao hupati taabu kukitafuta: ukifika kwenye duka la kinyozi lenye mlango wa kijani, tega sikio tu, kelele zitakuelekeza. Benchi ni moja, refu, limeegemea ukuta. Mguu wake mmoja mfupi umetiliwa kigae, na seremala analikalia kila siku ya Mungu bila kuligusa, maana mganga hajigangi. Seremala mwenyewe wanamwita Randa. Kulia kwake hukaa mzee mmoja mkavu aliyekuwa tarishi wa mahakama kwa miaka thelathini, kazi yake kubeba mafaili, lakini kwa jinsi anavyoongea ungedhani hukumu zote aliziandika yeye. Huyo ni Mahakama. Kinyozi wanamwita Wembe, na si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya ulimi. Anayewanywesha wote kahawa, na kuwanyamazisha wakizidi, ni Mama Birika. Kigoda chake kiko mbele ya jiko la mkaa, na hakuna anayethubutu kukikalia hata siku ambayo mwenyewe hayupo.

Sasa ujue kwamba kijiwe hiki kina timu. Miaka minne iliyopita kipa wa timu ya taifa aliokoa penalti, na mtangazaji alipolitaja jina lake kwa kelele redioni, benchi zima likamgeukia Randa. Lilikuwa jina la Randa la kuzaliwa, la kwanza na la ukoo, halikupungua kitu. Wiki mbili baadaye akaapishwa jaji: jina lilelile! Basi Wembe akaleta ubao, akachora uwanja kwa chaki, na tangu siku hiyo kazi yao ikawa kumsaka kila mtu mashuhuri mwenye jina la Randa na kumpangia namba. Sheria ni moja: gazeti, au mashahidi wawili. Kipa aliwekwa golini, hilo halikuwa na mjadala. Jaji akawekwa beki wa kati, kwa kuwa hapiti mtu pale bila kibali. Daktari mmoja wa moyo akawa kiungo. Rubani akapewa winga ya kulia, mwimbaji winga ya kushoto, chenga nyingi pasi hakuna. Wakaenda hivyo mpaka wakafika kumi. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, walimwandika Randa mwenyewe: mtunza jezi. Walimwandika kwa mapenzi, na siku ile alicheka mpaka akakohoa.

Asubuhi hii hakuwa na kicheko. Alikuwa ameshika kikombe tangu saa mbili, kahawa imepoa, na simu ameilaza pajani. Mahakama ndiye aliyemshtua, alipokata kona na gazeti juu ya kichwa.

— Nimempata! Wa kumi na moja! Wembe, toka nje!

Wembe akatoka na mashine mkononi bado inanguruma. Ndani kulikuwa na mteja kitini, kanyolewa upande mmoja tu.

— Kazi yake nini? akauliza.

— Daktari wa wanyama. Ameng'oa jino la simba.

— Simba mzima?

— Ulitaka amng'oe marehemu ili iweje?

— Alilazwa usingizi kwanza? Mama Birika akauliza, anapuliza makaa.

— Gazeti halikusema kama simba alilala, akajibu Mahakama. — Nijuavyo mimi, aliyekosa usingizi ni daktari.

— Huyo ni mshambuliaji wa kati! Wembe akaruka. — Mtu anayetia mkono kinywani mwa simba, beki gani atamtisha? Timu imetimia! Randa, simama tukupe mkono.

Randa hakusimama. Alitabasamu kidogo, tabasamu la kuwaridhisha watu, akaitazama simu.

Mama Birika hapitwi na kitu. Akaweka chini kipepeo cha makaa.

— Wewe una nini leo? Kahawa yangu umeikumbatia kama chupa ya maji ya moto, hunywi. Binti hajambo?

— Hajambo. Amejifungua vizuri, mwajua. Mtoto wa kiume, leo siku ya tatu.

— Sasa hiyo ni sura ya babu hiyo?

Randa akakohoa. Akasema haraka haraka, kama mtu anayetema dawa chungu:

— Amenipigia asubuhi. Anataka mtoto apewe jina langu.

Looo! Kijiwe kililipuka. Wembe alizima mashine ili apige makofi vizuri. Mahakama alimkumbatia Randa kwa mkono wenye gazeti, karatasi ikachanika pale pale kwenye taya la simba. Mama Birika akapiga kigelegele kimoja, kifupi, kwa kuwa makaa yalikuwa hayajashika.

— Nimemwambia anipe muda nifikirie, akasema Randa.

Wembe akashusha mikono.

— Ufikirie nini? akauliza Mama Birika.

— Mkwe wangu yuko kwenye foleni ofisi ya vizazi sasa hivi. Dirisha linafungwa saa sita. Nikisema ndiyo, wanaandika. Nikisema hapana, kuna jina la babu wa upande wa pili. Yule ni mwalimu mkuu mstaafu. Watu wanampigia saluti sokoni.

Hakusema yote. Yote hayasemeki mbele ya watu wanaokupenda na waliokuandika mtunza jezi. Tangu saa mbili alikuwa akimwona kichwani yule mjukuu, mkubwa sasa, yuko shuleni, anaulizwa na wenzake: jina lako la nani, la kipa? Hapana. La jaji? Hapana. La yule wa simba? Hapana. La nani basi? Na mtoto wa watu anainamisha kichwa. Jina hilo, aliona Randa, lilikuwa limeshapata watu wake, wakubwa kwelikweli, na yeye amebaki nalo kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Alilitaka litoke kwake liende kwa mjukuu. Mungu ndiye ajuaye alivyolitaka. Lakini jibu alikuwa ameshaliandaa, na lilikuwa hapana.

— Fikra za nini? Mahakama akajisafisha koo, na mtu yeyote anayemjua akajua sasa methali inakuja. — Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Ndiyo maana hata yule rubani anaruka usiku.

— Haina maana hiyo, akasema Mama Birika.

— Maana ninayo mimi. Jina ni kama muhuri. Faili likishagongwa muhuri, mlango wowote linapita. Watu kumi na mmoja wamegongwa muhuri mmoja, wote wamepita.

— Na mimi? akauliza Randa.

Mahakama akalikunja gazeti polepole.

— Wewe wino ulikuwa mwepesi.

— Si muhuri, Wembe akadakia. — Ni kichwa! Mimi nimeshika vichwa vya mtaa huu wote, najua ninachosema. Mtu akipewa jina, kichwa kinaota kulifuata. Mtazameni kipa, mtazameni jaji, mtazameni mwimbaji: kisogo kimoja! Kimetokeza hivi, halafu kinaingia hivi.

— Picha za gazeti zinapigwa kwa mbele, Mama Birika akamwambia. — Kisogo umekionea wapi?

— Kwa uzoefu.

— Haya, mpime na Randa.

Wembe akamshika Randa kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa kama mnunuzi wa tikitimaji, akaguna.

— Kisogo unacho, ndugu yangu. Ila kimekaa upande.

— Nililala ubavu utotoni, akasema Randa, na hapo hata yeye alicheka.

— Acheni upuuzi wenu, akasema Mama Birika. — Jina ni birika. Bahati imo ndani, imepimwa. Anayekuja kwanza anamiminiwa ya juu, safi, ina harufu. Anayekuja wa mwisho anapata machicha. Bandu bandu huisha gogo. Sasa watu kumi na mmoja wameshakunywa, na wewe unataka kumleta mjukuu na kikombe chake!

— Lakini mimi nimewatangulia wote, Mama Birika. Kipa nimemzidi miaka thelathini. Jaji mwenyewe ni mdogo kwangu.

— Basi wewe ulikuja maji hayajachemka.

Wembe akaanguka benchini kwa kicheko, kigae kikachomoka chini ya mguu, wote wakaelemea upande wa Mahakama. Ndani ya duka sauti ikasikika: jamani, mimi bado nipo.

Lakini Mahakama alikuwa amenyamaza, na Mahakama akinyamaza ujue anapika jambo. Akamgeukia Randa, macho ameyafinya.

— Nikuulize, na ukumbuke uko chini ya kiapo. Siku kipa alipookoa ile penalti, wewe ulikuwa wapi?

— Karakana. Tulikuja hapa baadaye, wakairudia redioni.

— Ulikuwa unafanya nini?

Randa akafikiri.

— Nilikuwa napigilia fremu ya mlango. Nilijigonga kidole gumba, kucha ikang'oka.

— Mkono gani?

— Wa kushoto.

— Na penalti aliiokoa kwa mkono gani?

Wembe akafunika mdomo.

— Wa kushoto! akasema kwa sauti ndogo.

— Jaji alipoapishwa?

— Sikumbuki... Ndiyo wiki mvua ilipoingia karakana. Mbao zangu zote zikapinda.

— Zikapinda kwako, haki ikanyooka kwake! Mahakama akasimama kabisa. — Na huyu wa simba? Kazi yake kaifanya juzi. Juzi wewe ulikuwa na nini?

Randa hakutaka kusema. Lakini yuko chini ya kiapo.

— Jino liliniuma kutwa nzima.

Usiniulize kelele zilizofuata. Watu wa dukani ng'ambo ya barabara walitoka kutazama. Wembe alikuwa anazunguka amejishika kichwa, Mahakama anapiga gazeti kwenye goti, na hata Mama Birika, mwenye akili zake, akasema Mungu wangu.

— Kesi imekwisha, akatangaza Mahakama. — Jina lina mzigo mmoja. Lazima aumie mmoja ndipo wengine wapate. Huyu mzee wetu ameumia miaka yote hii, timu nzima inacheza juu ya kidole gumba chake! Mpeni heshima yake! Sasa swali lililo mbele yetu ni moja: mjukuu akipewa jina hili, atakuwa wa kupata au wa kuumia?

Walikuwa wanacheka. Randa naye alicheka, maana ni kijiweni na yeye si mtoto. Lakini lile neno lilimkuta mahali ambapo tayari palikuwa panauma. Hakuamini habari za mizigo na mihuri. Aliamini moja tu: kwamba kati ya watu kumi na wawili wenye jina hilo, mmoja hakufika popote, na mmoja huyo ndiye anayetaka kumrithisha mtoto. Alitazama saa ya ukutani ndani ya duka. Saa tano na nusu. Akaichukua simu.

— Nampigia, akasema. — Nitamwambia wamwite jina la mwalimu.

Kicheko kikakatika.

— Wee Randa! Mama Birika akainuka kwenye kigoda. — Sisi tunatania!

— Najua mnatania.

— Basi kaa chini.

— Nimekaa, Mama Birika. Ila mtoto ana haki ya jina la mtu aliyefanya kitu.

Wembe akatazama chini. Mahakama akatafuta methali, akaikosa, na kwa Mahakama hilo ni jambo la kuitia daktari. Walimpenda mno yule mzee, na ghafla waliona wamecheka mahali pasipotakiwa kucheka.

Hapo ndipo yule mteja alipotokea mlangoni. Mgeni mtaani, shuka la kinyozi limefungwa shingoni, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina msitu. Amevumilia mpaka uvumilivu umemwisha, lakini alikuwa na adabu zake.

— Samahani, wazee wangu. Nimesikiliza yote, maana sikuwa na pa kwenda. Hivi binti mwenyewe alisema kwa nini?

— Kwa nini nini? akauliza Mahakama.

— Kwa nini analitaka hilo jina.

Wembe akamtazama Mama Birika, Mama Birika akamtazama Randa. Kijiwe kinachojua bei ya ndege na umri wa kobe, hilo hakikulijua.

— Sikumuuliza, akasema Randa.

— Hukumuuliza! Mama Birika akajipiga paja. — Asubuhi nzima tunapima visogo, na wewe hukumuuliza! Piga. Weka sauti kubwa.

Simu ikaita mara moja tu.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?

— Hajambo, ananyonya tu. Baba, mume wangu kabakiza watu wawili mbele yake. Umeshafikiri?

— Nimefikiri. Mwanangu, jina hili lina wenyewe. Kuna kipa, kuna jaji, kuna...

— Kipa gani?

— Kipa wa timu ya taifa.

— Simjui, baba.

— Watu wote wanamjua.

— Mimi simjui. Wala huyo jaji.

Randa akawatazama wenzake. Wakampungia mikono: muulize, muulize!

— Basi kwa nini unalitaka hili jina? Baba mkwe wako ana jina zuri, mtu msomi.

Walisikia kitoto kinaguna.

— Baba, unakumbuka madawati ya shule yetu ya msingi, uliyoyatengeneza wewe?

— Nakumbuka. Yalikuwa themanini.

— Ulikuwa unachonga jina lako chini yake. Chini ya ubao, kwa ndani, kwa patasi.

— Ilikuwa dawati likivunjika wajue pa kulirudisha. Fundi mwingine asije akaliharibu.

— Najua. Lakini mimi siku ya mtihani wa mwisho niliingia pale, karatasi ikawekwa mbele yangu, kila kitu kikanitoka kichwani. Kila kitu, baba. Hata tarehe sikuijua. Nilitaka kulia. Mkono ukaenda chini ya dawati, basi tu, nikaligusa jina lako. Nikalisoma kwa kidole, herufi moja moja, mpaka mwisho. Nikarudia. Mara ya tatu nikaweza kuandika.

Mama Birika akavuta ncha ya khanga, akajifuta macho.

— Hujawahi kuniambia, akasema Randa.

— Ningekwambiaje? Ulikuwa unaniambia nisichezee chini ya madawati, kuna vibanzi. Akacheka kidogo, na kicheko kikamkatikia. — Siku ile hospitali, uchungu ulipokolea, mkono ukaenda tena chini ya kitanda. Kitanda cha chuma, baba, hakina kitu. Basi nikaliandika mwenyewe kwa kidole kwenye shuka. Nesi anasema sukuma, mimi naandika. Mtoto akatoka sijalimaliza. Ndiyo maana nataka alichukue yeye, lote. Sasa nimwambie mume wangu nini?

Randa alilia. Alilia wazi, mbele ya barabara nzima, mwanamume wa miaka sitini na nne mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Mama Birika alikuwa ameshamtangulia kulia zamani. Wembe akageukia ukuta. Yule mgeni akajifuta macho kwa shuka lenye nywele, akazidisha mambo.

— Baba? Upo?

— Nipo. Andikeni.

— Tuandike?

— Andikeni, mwanangu. Lote.

Wakamsikia anamwambia mtu kando yake: mpigie mume wangu, mwambie amesema ndiyo, haraka. Halafu sauti ikarudi.

— Baba, kafumbua macho huyu. Nimemwekea simu sikioni. Msemeshe.

Randa akashtuka. Aliishika simu kwa mikono miwili, mbali na uso, kama mtu aliyepewa kitu kisichotakiwa kudondoka. Benchi lote likamwinamia.

— Mwambie habari za kipa! Wembe akanong'ona.

— Mwambie wa simba! akanong'ona Mahakama.

Randa akawanyamazisha kwa kiganja. Upande wa pili palikuwa na pumzi ndogo, ya haraka, inayosikiliza.

— Wajina, akasema. — Hujambo, wajina wangu? Ni mimi hapa. Fundi seremala.